"HATUJAONA" SI "HAKUNA"
Somo la Samaki Silikanti wa Bahari ya Tanga

Ndugu msomaji, yapo maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya, hata wenye elimu. Maneno hayo ni "hatujaona" na "hakuna". Asemaye "hatujaona" atoa habari za macho yake mwenyewe, na hapana wa kumlaumu maadamu asema kweli. Lakini asemaye "hakuna" ametoa habari za ulimwengu wote, bahari na nchi kavu, na yampasa alete ushahidi wa kadiri hiyo. Mtu atafutaye haki katika jambo lo lote hana budi kujifunza kuyapambanua maneno haya. Asipoyapambanua aweza kupotea kwa njia mbili: ataikataa kweli kwa kuwa haijamfikia, au ataupokea uwongo kwa kuwa hakumsikia mtu akiupinga.

Somo la jambo hili twaweza kulipata karibu, katika bahari ya Tanga, na mwalimu wake ni samaki. Jina lake ni silikanti. Tumfuate samaki huyu hatua kwa hatua, tutazame wataalamu walisema nini juu yake, walikosea wapi, na ni nini kilichowarudisha katika njia iliyo sawa.

Hukumu iliyotolewa kwa mawe

Katika miaka ya 1830, mtaalamu mmoja wa Uswisi aitwaye Louis Agassiz alieleza habari za samaki wa kale aliyemwona katika jiwe tu. Mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa mawe huitwa visukuku. Baada yake visukuku vingi vya samaki wa jamii hiyo vilipatikana katika nchi mbalimbali. Vile vya kale kabisa vina umri wa miaka zaidi ya milioni 400, na vile vya mwisho vina umri wa miaka kama milioni 66 hivi. Baada ya hapo, kimya. Katika tabaka za mawe zilizofuata hakikuonekana cho chote.

Basi wataalamu wakahukumu ya kuwa jamii hii yote ilikwisha kufa zamani, karibu na wakati ule walipotoweka wale wanyama wakubwa waitwao dainosaria. Hukumu hii iliandikwa katika vitabu na kufundishwa mashuleni kwa miaka 100. Wala haikuwa hukumu ya wapumbavu. Walikuwa na sababu, maana kama samaki hawa wangalikuwapo, mbona mifupa yao haionekani? Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Walichokuwa nacho mkononi kilikuwa ni "hatujaona", nao wakakiandika "hakuna".

Samaki wa mwaka 1938

Tarehe 22 Desemba 1938, mashua ya uvuvi iitwayo Nerine, ambayo nahodha wake alikuwa Hendrik Goosen, iliingia bandari ya East London katika Afrika ya Kusini. Mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji ule, bibi kijana aliyeitwa Marjorie Courtenay-Latimer, alikuwa na desturi ya kwenda kutazama samaki walioletwa. Siku ile aliona katika fungu la samaki pezi la rangi ya buluu. Alipowaondoa wengine alimkuta samaki mwenye urefu wa meta moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yaliyosimama juu ya vikonyo vinene vya nyama mfano wa miguu mifupi.

Bibi huyu hakumjua samaki yule ni nani. Lakini hakusema, "Simjui, basi si kitu." Alimchukua, akamchora, na kesho yake akampelekea barua na picha mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith, aliyekuwa mwalimu wa chuo katika mji wa Grahamstown. Wakati ule Smith alikuwa mbali, na alipofika kumwona samaki kwa macho yake ulikuwa mwezi wa Februari 1939. Kwa sababu ya joto la Desemba viungo vya ndani vilikuwa vimeoza na kutupwa. Hata hivyo, ngozi na mifupa iliyobaki ilitosha. Ilikuwa silikanti! Smith alimpa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi yule na kwa kumbukumbu ya mto Chalumna, ambao samaki alivuliwa karibu na mlango wake.

Hivyo hukumu ya miaka 100 ilivunjwa na samaki mmoja tu. Huu ndio udhaifu wa neno "hakuna". Yeye alisemaye huhitaji kuipekua bahari nzima, na yeye amkanushaye huhitaji kuleta samaki mmoja.

Waliomjua kabla ya wataalamu

Smith alitamani kumpata samaki wa pili mwenye viungo vyake vyote. Alichapisha matangazo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100, na matangazo hayo yakasambazwa katika pwani za Afrika ya Mashariki na visiwa vyake. Ilipita miaka 14. Ndipo tarehe 20 Desemba 1952 mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah akamvua silikanti karibu na Domoni, katika kisiwa cha Nzwani, Komoro. Nahodha Eric Hunt akampelekea Smith habari, na Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini wa wakati ule, D. F. Malan, akatoa ndege ya jeshi iende kumchukua samaki.

Lakini liko jambo la kustaajabisha zaidi ya ndege. Wavuvi wa Komoro hawakumwona samaki huyu kuwa ni mgeni. Walikuwa na jina lake, gombessa, na waliwajua wazee wao wakimvua mara kwa mara kwa mshipi usiku, katika maji ya kina kirefu. Nyama yake ina mafuta mengi, nayo humwendesha tumbo alaye, kwa hiyo hawakumthamini sana. Basi katika miaka ile yote wakati vitabu vya Ulaya vilipoandika kuwa samaki huyu ametoweka, alikuwa akipandishwa katika ngalawa za Waislamu wa Nzwani na Ngazidja, akitajwa kwa jina lake. Elimu ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Hapa yafaa msomaji aangalie asivuke mpaka upande wa pili. Wavuvi walimjua samaki, lakini hawakuweza kujua ya kuwa jamii yake yaonekana katika mawe ya miaka milioni 400. Wataalamu walijua habari za mawe, lakini hawakujua ya kuwa samaki yu hai. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na kweli ilipatikana nusu hizi mbili zilipokutana.

Yaliyo mkononi yasionekane

Je, baada ya samaki kupatikana, makosa yalikwisha? La! Kwa kuwa mapezi yake yafanana na miguu, ilidhaniwa kwa muda mrefu ya kuwa silikanti hutembea juu ya sakafu ya bahari. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kijerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha kuzamia karibu na Ngazidja, akawapiga picha silikanti wakiwa hai mahali pao. Hawakutembea hata mmoja. Walielea polepole, wakiyapeleka mapezi kwa zamu mfano wa mnyama apelekavyo miguu minne, na mchana walijificha katika mapango ya baharini.

Kadhalika watu walibishana kama samaki huyu hutaga mayai au huzaa. Silikanti mmoja jike aliyevuliwa Komoro mwaka 1962 alikuwa amehifadhiwa katika jumba kubwa la makumbusho la New York. Mwaka 1975 alipopasuliwa walikutwa ndani yake watoto 5 waliokwisha kuumbika. Jawabu lilikuwa limelala katika jumba lile kwa miaka 13. Hivyo "hatujaona" huweza kuwa hata juu ya kitu tulicho nacho mkononi, maadamu hatujakifungua.

Silikanti afika Tanga, au alikuwapo siku zote?

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2001 silikanti alinaswa katika bahari ya Malindi, Kenya. Mwaka 2003 akapatikana upande wa Kilwa, kusini ya Tanzania. Kisha, kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa Tanga wakaanza kuwapandisha mmoja baada ya mmoja, wala si kwa mshipi bali kwa jarife, yaani nyavu zenye matundu makubwa zitegwazo kwa ajili ya papa. Papa wa maji ya karibu walipopungua, nyavu zilishushwa katika kina kirefu zaidi, penye miteremko ya mawe, na huko zikakutana na silikanti. Katika miaka michache walipatikana wengi kuliko walivyopatikana mahali pengine po pote nje ya Komoro kwa muda kama huo.

Wako waliosema, "Hawa ni wageni tu. Wamechukuliwa na mkondo wa bahari kutoka Komoro, nao hawana makao hapa." Neno hili lilionekana kuwa na maana, kwa sababu mkondo wa maji upo kweli, nao hupita kuelekea kaskazini. Lakini kuwa na maana si kuthibitika. Wataalamu wa Japani wakishirikiana na wa Tanzania walichukua vinasaba vya samaki hawa. Vinasaba ni ile hati iliyomo katika kila chembe ya mwili, ambayo mzazi humrithisha mtoto. Kwa kuvilinganisha huweza kujulikana nani ni jamaa wa nani, na walitengana tangu lini.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Silikanti wa kaskazini ya Tanzania walionekana kuwa ni kundi lao peke yao, tofauti na wale wa Komoro na wale wa kusini ya Tanzania, waliotengana nao zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Basi hawakuwa wageni hata kidogo. Walikuwa wenyeji wa bahari ya Tanga kabla haijajengwa nyumba hata moja Tongoni wala Pangani. Nyavu za 2004 hazikuwaleta, ila ziliwaonyesha.

Msiwe na haraka ya kushangilia

Ndugu msomaji, samaki huyu amevutwa huku na huku na watu wa makundi mawili. Wa kwanza walisema ya kuwa amepatikana babu wa wanyama wote wa nchi kavu. Wa pili, miongoni mwao wako watu wa dini, walisema ya kuwa samaki huyu hakubadilika hata kidogo tangu zamani, na kwa hiyo elimu yote ya wataalamu juu ya kubadilika kwa viumbe imebatilika.

Mwaka 2013 hati nzima ya vinasaba vya silikanti ilichapishwa, na haikuwapendeza watu wa makundi haya. Ilionyesha ya kuwa samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu si silikanti bali ni kamongo, yule samaki mwenye mapafu ambaye watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wamjua sana, wamchimbaye katika matope yaliyokauka. Pia ilionyesha ya kuwa vinasaba vya silikanti hubadilika polepole kuliko vya wanyama wa nchi kavu. Lakini polepole si kutobadilika. Silikanti wa leo si sawasawa na wale walio katika mawe. Ni wa jamii moja, kwa umbo hutofautiana.

Twaitaja habari hii kwa sababu maalumu. Mtu aliyeingia katika dini karibuni, au aliye bado akichunguza, hupenda kukusanya hoja nyingi, na kila ajabu aisikiayo huifanya nguzo. Hii ni hatari. Anayeitundika imani yake juu ya hoja asiyoichunguza, siku hoja ile itakapoanguka atadhani imani nayo imeanguka, ilhali kilichoanguka ni haraka yake. Kweli haihitaji kuegemezwa juu ya uwongo, hata kama uwongo huo waonekana kuwa ni rafiki.

Umri wa silikanti, na kwa nini watuhusu

Tumefika sasa mahali ambapo jambo hili si la kupendeza masikio tu. Zamani wataalamu walihesabu mistari katika magamba ya silikanti, kama vile ihesabiwavyo mistari ya shina la mti, wakasema ya kuwa huishi miaka kama 20 tu. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walitazama magamba ya silikanti 27 kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa kwa namna maalumu. Waliona mistari mingine myembamba sana iliyokuwa haikuonekana, mara tano ya ile ya kwanza. Samaki mmoja alikuwa na miaka 84, nao wakakisia ya kuwa silikanti aweza kukaribia miaka 100. Jike huanza kuzaa apatapo kama miaka 60 hivi, na mimba yake hukaa miaka 5.

Tafakari maana yake. Silikanti wa miaka 80 aliyenaswa Tanga mwaka 2004 alizaliwa mwaka 1924, wakati wa utawala wa Waingereza. Jike aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alikuwa ndiyo kwanza aukaribia umri wa kuzaa ilipofika mwaka 2021. Ukimvua kabla ya hapo umemkata na kizazi chake chote. Samaki wengine hupungua wakarudi kwa miaka michache. Huyu akipunguzwa, mjukuu wa mvuvi hatamwona akirudi.

Kosa la hesabu ya magamba, basi, halikuwa kosa la kitabu tu. Aaminiye ya kuwa samaki huishi miaka 20 na kuzaa upesi hufikiri ya kuwa wachache wakinaswa si hasara. Ajuaye ya kuwa huanza kuzaa uzeeni huogopa kwa kila mmoja.

Serikali ya Tanzania iliianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Yaenea pwani kwa kiasi cha kilometa 100, kutoka upande wa kaskazini wa mlango wa mto Pangani hadi upande wa kaskazini wa Jiji la Tanga, ndani yake zikiwamo ghuba, visiwa vidogo, mikoko na miamba ya matumbawe. Pwani hii ilikwisha kuumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Tena ni pwani ya kazi: bandari ipo, na njia ya bomba la mafuta kutoka Uganda, yenye urefu wa kilometa 1,443, yaishia Chongoleani. Hapana mwenye akili awezaye kuwaambia watu wa Kigombe au Mwambani wasivue, maana bahari ndiyo shamba lao. Lakini kujua mahali pa kutega jarife na mahali pa kuliacha, na kwa kina gani, ni jambo liwezekanalo, nalo huwalinda papa na samaki wengine pia. Wavuvi waliomwonyesha dunia silikanti wa Tanga wastahili kuulizwa kwanza liamuliwapo jambo hili.

Mfano wa pili kutoka pwani hii

Asije mtu akasema ya kuwa tumelijenga somo juu ya samaki mmoja. Ukifuata pwani hiyo hiyo kuelekea kaskazini, ukivuka mpaka mpaka Kilifi nchini Kenya, liko pango liitwalo Panga ya Saidi. Humo walichimba wataalamu wa mambo ya kale, na mwaka 2021 walitangaza ya kuwa wamekuta kaburi la mtoto wa miaka kama miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Wamempa jina la Mtoto. Alilazwa kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa, na namna mifupa ilivyokaa yaonyesha ya kuwa alivikwa kitu na kichwa chake kikaegemezwa juu ya kitu kilaini kilichooza zamani.

Kabla ya hapo, makaburi ya kale sana yaliyojulikana yalikuwa ya Asia ya Magharibi na Ulaya, na ya Afrika yalikuwa machache mno. Yule aliyekuwa na haraka angaliweza kusema ya kuwa watu wa kale wa Afrika hawakuwajali maiti wao. Kumbe pwani ya Kilifi alikuwapo mtu aliyemfunika mtoto wake na kumwekea mto. Hatukuwa tumechimba tu.

Kanuni tatu za kushika

Basi, ewe mtafutaji wa haki, yashike mambo matatu.

Kwanza, usikiapo "hakuna", uliza: "Mmetafuta wapi, na kwa chombo gani?" Yawezekana nyavu zao hazikufika kina kile.

Pili, usikiapo "yupo", uliza: "Yuko wapi?" Smith hakuamini kwa hadithi, aliamini alipomwona samaki. Kanuni ya kwanza haimpi mtu ruhusa ya kuamini kila neno. Mambo yasiyoonekana ni mengi, na ya uwongo ni mengi pia, na kitenganishacho ni ushahidi.

Tatu, likibainika kosa, liache upesi hata kama lilikupendeza. Hesabu ya miaka 20 iliachwa kwa sababu ushahidi bora umekuja, na hakuna aliyefedheheka kwa kuiacha. Fedheha ni ya yule abakiaye nayo.

Samaki huyu aliishi chini ya mashua za watu wa Tanga kwa muda usiohesabika kwa vizazi, naye hakupungukiwa na kitu kwa sababu ya kutojulikana. Tangu alipojulikana, yupo katika hatari na pia katika ulinzi, kwa mikono ile ile. Yatupasa, kwa hiyo, kuisahihisha elimu yetu juu yake mapema, maana siku neno "hakuna" litakapokuwa kweli juu ya silikanti wa Tanga, halitasahihishwa tena na samaki ye yote.